Revolva Niliyoisingizia Ugonjwa

Jumatatu, 8 Aprili
Leo nimeiona! Dukani kwa Bwana Hamrick, anayeuza chambo cha samaki upande mmoja na bunduki kuukuu upande wa pili. Bastola ya shabaha aina ya revolva, ya risasi ndogo, mtutu mrefu, mpini wa mbao nyeusi. Nilisimama mbele ya kabati la kioo mpaka Bwana Hamrick akaniuliza kama nimekuja kununua minyoo au kumposa huyo bibi harusi. Nikasema minyoo. Sasa nina minyoo.

Babu ameahidi kununua revolva moja msimu huu. Moja tu. Sheria hainiruhusu kumiliki, kwa hiyo itakuwa yake, italala kwenye sefu yake, nami nitalenga nayo akiwa amesimama kando yangu. Lakini sote tutajua ni ya nani. Bila hiyo nitaingia mashindano ya vijana Jumamosi na ile ya klabu, ambayo kuvuta triga yake ni kama kumvuta ng'ombe matopeni.

Tatizo ni kwamba Babu hanunui hata kofia bila kuifikiria siku kadhaa.

Jumanne, 9 Aprili
Balaa. Marlys Cutlip wa klabuni ameiona pia. Shangazi yake Twila atakwenda kuitazama Alhamisi. Marlys aliniuliza, kwa upole mwingi, kama bado nahangaika na lile gogo la klabu. Upole wa Marlys ni sukari juu ya kitunguu.

Nina mpango. Silinda ya ile revolva, ile ngoma ya kutilia risasi, ina mchirizi unaouzunguka mwili wake. Ni alama ya kutumika tu, haina madhara. Babu alinifundisha. Lakini wangapi wana babu kama wangu?

Jumatano, 10 Aprili
Klabuni nilisema, kwa masikitiko, kwamba silinda ya ile revolva haikai sawa na mtutu, na ule mchirizi ndio dalili. Sikudai kuwa nimeiona ikitema vipande vya risasi pembeni. Nilisema tu kwamba ningekuwa mimi, ningevaa miwani juu ya miwani. Mzee Orville alivua kofia kama yuko msibani.

Kufikia jioni, mama wa duka la mikate alinieleza kwamba revolva hiyo ilimkata mtu sikio huko Ohio. Sikumsahihisha. Si adabu kumkatiza mtu mzima.

Alhamisi, 11 Aprili
Shangazi Twila hakwenda! Nilikula maharage sahani mbili.

Kisha Babu akarudi. Alisema ameona revolva nzuri ajabu kwa Hamrick, mkono ulikuwa tayari mfukoni, bahati Orville akamtonya kwamba ni mbovu. Na Orville kaambiwa na nani? Na mimi! Babu akanishika bega. "Umeniokoa, mjukuu wangu."

Nikamwambia pengine ni mchirizi tu, aikague mwenyewe. Akasema aikague ya nini, wakati aliyeikagua ni mwanafunzi wake mwenyewe? Akaniasa nisimwonee huruma Hamrick.

Sahani ya tatu ya maharage nimeirudisha jikoni.

Ijumaa, 12 Aprili
Bwana Hamrick kachoka kusikia habari za sikio. Kashusha bei. Shangazi Twila akaja na fundi, fundi akaingiza fimbo ya shaba mtutuni, akapima tundu za silinda moja moja kama zinaelekeana na mtutu. Zote sawasawa. Wameichukua. Marlys alikuja mpaka nyumbani kunishukuru kwa punguzo.

Jumamosi, 13 Aprili
Mashindano. Marlys wa kwanza. Mimi wa tisa. Tulikuwa tisa.

Babu alimpongeza Marlys, akaomba kuiona revolva. Akaona mchirizi. Kisha akanitazama kama anavyotazama mtutu wenye kutu. Tulipofika langoni kwetu akatamka: tutanunua, ila msimu ujao, na mpaka wakati huo nitafagia maganda ya risasi uwanjani.

Nilisema ndiyo, Babu. Nililia kidogo, chooni.

Jumapili, 14 Aprili
Baada ya kanisa nilichungulia dirishani kwa Bwana Hamrick. Kaleta nyingine! Ya chuma kisichoshika kutu, nzuri kuliko ile. Ikikaa pale mpaka msimu ujao, ni yetu.

Nimetafakari kwa makini na kosa langu nimeliona. Niliisema vibaya. Watu hupenda kuchunguza kinachosemwa vibaya. Hii nitaisifu kila mahali, kupita kiasi, mpaka wote waingiwe na shaka. Nimeanza na Marlys. Nilimwambia haijawahi kutokea revolva kama hiyo katika wilaya yetu, na kwamba asiye nayo asijisumbue kushindana.

Alinisikiliza kwa makini sana, kisha akakimbilia simu. Bila shaka anamwonya shangazi yake.