Source Iko Wazi, Maji Iko Wapi?

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye hakuweza kufika, papa chef wa mtaa, mapadri, wachungaji, wakuu wa avenue, mama wazazi, nanyi wananchi wa Katindo mliojaza uwanja huu na bidoni za manjano za kuchotea maji, jambo ambalo protokole haikulipanga ila limenigusa moyo: hamjambo! (Makofi. Bidoni zinapigwa kama ngoma.)

Mimi, Ingénieur-Docteur Barthélemy Bashige, Mratibu Mkuu wa Ubora na Majaribio, nasimama mbele yenu, tena nasimama juu kidogo, kutangaza kwamba Robine Leo, programu ya simu ya kumwambia kila mama ni robine ipi ya bomba la mtaa inayotoa maji leo ili asitembee bure mpaka ziwani Kituku, imefikia kiwango cha kimataifa cha source ouverte, yaani maandishi yake ya ndani yako wazi, kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyakosoa na kuyarekebisha. (Mama Kahambu, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, anainua mkono: "Papa Directeur, ku invitation muliandika source iko ouverte, ni kusema chemchemi iko wazi. Sisi tulikuya kuchota. Maji iko wapi? Na bidoni yangu, mutu wa protokole aliipeleka wapi?" Kicheko.)

Maswali mazuri, mama, yataingia kwenye rapport. Source hii haitoi maji, inatoa maendeleo.

Sasa, ubora. Mtaalamu wetu, mademoiselle Charline, aliniandikia barua tatu: "Chef, tujaribu kwanza." Nikamwuliza, binti yangu, wewe husali? Kila asubuhi tunamwomba Mungu asitutie majaribuni, halafu saa nne mimi niweke saini tuingie wenyewe? (Wachungaji wanakohoa.) Hata hivyo, kwa unyenyekevu ambao mnanijua nao, niliunda tume ya watu kumi na wanane, ikakaa semina nne, na matokeo ni haya: hitilafu zilizogunduliwa, sifuri, malalamiko, sifuri, mara ambazo programu imekwama, sifuri. Nionyesheni Wazungu wenye rekodi hiyo! (Makofi. Charline, kutoka nyuma: "Na watumiaji, chef?") Sifuri vilevile. Takwimu zote zinapatana, mademoiselle, na huo ndio uthabiti.

(Mama Kahambu: "Papa, nilitoka ku nyumba saa kumi na moja ya asubui. Batoto banangoya maji. Mufungue basi iyo programu, tuone robine gani iko na maji!" Mratibu Mkuu anageuza ukurasa wa hotuba.)

Mama ana haraka, na haraka haina baraka. Ubora! (Oyé!) Majaribio! (Oyé!) Source! ("Maji!")

Namalizia kwa shukrani. Asante tume, kwa semina. Asante mademoiselle Charline, ambaye ataanza kuandika programu hii siku tutakapopata ordinateur, yaani kompyuta. Na asante ya pekee kwako, mama Kahambu, kwa bidoni hii niliyosimama juu yake tangu asubuhi, maana ndiyo kifaa pekee ambacho mradi umewahi kuwa nacho. Nishikeni mkono nishuke, imeanza kubonyea.

(Anashuka. Mama Kahambu anaikung'uta vumbi bidoni yake, anaibeba, anashika njia ya Kituku.)