Mbwa Wangu na Miluzi ya Athol

Jumatatu, 5 Mei

Nimerudi nyumbani. Miezi minane barabarani na bendi, Australia karibu yote na Kisiwa cha Kaskazini, kodiani begani, nyimbo zilezile kila usiku. Sasa niko tena Southland, kusini kabisa mwa New Zealand, kwenye matope yangu. Noeline, mke wangu, alinibusu, halafu akaniambia nivue viatu nje na kwamba banda la kuni ni tupu. Sawa. Hayo niliyatarajia.

Nisilolitarajia ni Tweed. Nilisimama getini nikapiga mluzi. Mbwa wangu, niliyemlea tangu hajafungua macho, aliyelala ndani ya sanduku la kodiani yangu akiwa hajazidi kiganja, akainua kichwa, akanitazama kama anatazama mtu aliyekuja kuuliza njia. Kisha akaruka uzio akaenda zake kwa jirani. Kwa Athol Geddes! Nikabaki pale getini na midomo imechongoka.

Noeline anasema nisimlaumu mtu. Eti wakati mimi nawachezesha watu wa Brisbane, huku kondoo walikuwa wakinyolewa, wanakondoo wakiachishwa maziwa, na mtu aliyekuja kusaidia ni Athol. Kafanya kazi na mbwa, kamlisha, mbwa kamzoea. Nikauliza, kwa hiyo ndiyo kishamchukua? Akasema kondoo jike lazima washushwe kutoka mlimani mwisho wa mwezi, kabla ya theluji. Ikifika siku hiyo Tweed bado hafanyi kazi na mimi, basi abaki kwa Athol moja kwa moja. Mbwa asiyejua ni wa nani anaharibika, anasema, na hataki kumwona Tweed akiharibika.

Dawa anayonipa: niamke alfajiri kila siku, nitembee naye, nifanye naye kazi, nimlishe jioni. Kidogo kidogo atarudi. Nikamwambia siwezi kuanza kumchumbia mbwa wangu mwenyewe kwa umri huu. Mimi nina akili zaidi ya hapo.

Jumanne, 6 Mei

Nyama. Mbwa ni tumbo tu, mengine ni porojo.

Asubuhi Noeline alipokwenda mjini nilifungua friji nikatoa paja zima la kondoo alilolioka kwa chakula cha mchana cha kamati ya ukumbi wa kijiji. Nikalipeleka kwenye uzio. Tweed akaja mbio. Alikula yote mkononi mwangu, akanilamba vidole hadi kwenye kiwiko, akatikisa mkia. Machozi yalinilengalenga. Nikamwambia, haya mwanangu, twende nyumbani. Akaruka uzio akarudi kwa Athol.

Saa sita Athol akaja mwenyewe mlangoni, kofia kichwani kama kawaida yake, maana hakuna aliyewahi kumwona Athol bila kofia. Akasema kwa ile sauti yake ya taratibu kwamba Tweed ametapika ndani ya pikapu, kiti kizima, na anahofia kuna mtu anamtilia mbwa sumu. Kwa usalama atamfunga kwake usiku. Alitaka tu nijue, kama jirani. Nikamshukuru. Nilimshukuru! Meno yaliniuma kwa hasira.

Kamati wamekula mayai ya kuchemsha. Noeline ameniuliza mara moja tu paja limekwenda wapi, kisha akanitazama mikono. Chakula cha usiku nimejipakulia mwenyewe, mkate na siagi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimelijua tatizo. Ni miluzi.

Mbwa wa kazi hasikilizi mtu, anasikiliza mluzi. Kuna mluzi wa kwenda kushoto, wa kulia, wa njoo, wa simama. Mbwa karibu wote wa bonde hili wamefundishwa na Athol, kwa hiyo bonde zima linapiga miluzi ya Athol, ile ya kupuliza kibati cha filimbi mdomoni. Na miluzi yenyewe ni mibovu! Miaka thelathini nimepiga muziki, nina sikio ambalo watu wamelisifu hadi Darwin, na mbwa wangu anamtii mtu asiyeweza kushika sauti moja sawasawa. Mluzi wake wa simama unashuka katikati utadhani birika linapozimwa. Inatia uchungu kuusikia.

Mchana nilijilaza mtaroni nyuma ya kichaka cha katani, nikasikiliza akifanya kazi, nikaunakili kila mluzi kichwani. Maji yaliingia mpaka kwenye chupi. Nilikuwa karibu kumaliza nilipoona mabuti mbele ya uso wangu. Athol. Akauliza kama nimeangusha kitu. Nikasema natafuta uyoga. Akafikiri kidogo, akasema uyoga uliisha mwezi uliopita, Ewart, lakini kama hali ni ngumu nyumbani nisione haya.

Jioni kaleta gunia la tanipu, mizizi ile tunayowalisha kondoo. Amelitua barazani mbele ya Noeline, na Noeline akacheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kudharauliwa hivi, na niliwahi kurushiwa viazi jukwaani.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nikiwa bafuni, mlango nimeufunga kwa ndani.

Mpango ulikuwa safi. Spika za bendi bado zilikuwa ndani ya gari. Nikapanda nalo mpaka juu ya kilima changu, nikawasha jenereta, nikaelekeza spika bondeni. Kodiani kifuani. Nikapiga mluzi wa Athol wa njoo kwenye vibao vya juu kabisa, ila mimi niliupiga sawasawa, kama unavyostahili kupigwa. Nilitaka Tweed asikie pale alipo, aache kila kitu, aje, na Athol aone kwa macho yake.

Tweed akasikia. Na mbwa wengine wote wakasikia. Niliona mbwa wa Athol wakitoka, na wa Bi Gilchrist, jirani yetu mwingine, na wa kule ng'ambo ya mto ambao hata majina yao siyajui. Mbwa wa kondoo akiitwa hawezi kuja mikono mitupu, ndivyo alivyozaliwa. Kila mmoja akakusanya kondoo aliowakuta mbele yake akaja nao. Juu ya nyua, katikati ya nyua, kupitia nyua.

Na huu ni Mei. Huu ndio mwezi ambao madume wako malishoni na majike, kila kundi na dume wake, kila dume amefungwa chaki ya rangi kifuani ili ijulikane nani kampanda nani. Watu wamepanga mwaka mzima! Madume wa Bi Gilchrist ni wa sufu laini, fahari yake, wana vyeti kuliko mimi. Wa Athol ni wa nyama. Nilisimama pale juu nikitazama chaki nyekundu ikikutana na majike wa chaki ya bluu, na hakuna aliyekuwa akipoteza muda.

Nikakimbilia mluzi wa simama. Hapo ndipo nilipokwama. Ule mluzi mbovu wa Athol, ile sauti inayoshuka katikati, haimo ndani ya kodiani. Iko kati ya kibao na kibao. Nilijaribu cha chini, nikajaribu cha juu, nikabonyeza vyote viwili pamoja. Mbwa walidhani nawahimiza. Wakaongeza mwendo.

Athol alipanda kilima kwa miguu, anahema. Akatia kile kibati mdomoni, akapuliza mara moja. Bonde zima likalala chini. Mbwa wote, papo hapo, hata aliyekuwa juu ya paa la gari langu. Tweed kajilaza miguuni kwake. Kisha Athol akavua kofia akaibwaga matopeni. Ana upara! Akaniambia, "Ewart, wewe una wazimu au una roho mbaya? Nataka nijue tu, nijue namna ya kukusaidia." Nikamjibu kwamba kama angepiga miluzi kwa sauti sahihi kama watu wengine, haya yote yasingetokea.

Pengine sikupaswa kusema hivyo. Bustani ya Noeline haina hata jani.

Jumapili, 11 Mei

Mkutano ukumbini. Kila mtu alikuwepo. Nilidhani kwa mtu aliyelitangaza bonde hili kote Australia kutakuwa na heshima kidogo. Bi Gilchrist amesema wanakondoo wa mwaka huu watakuwa machotara watupu, na kwamba afadhali wangenikodisha huko Australia moja kwa moja. Wamepiga makofi.

Hukumu: nitatengeneza kila uzio uliovunjika, peke yangu. Athol, nani mwingine, akasimama kusema kuwa kutenganisha kondoo hakuwezekani bila mbwa, kwa hiyo nimchukue Tweed mchana, nimrudishe jioni. Ameniazimisha mbwa wangu! Mbele ya watu! Na eti nimshukuru. Noeline hasemi nami, anaongea na birika.

Ijumaa, 16 Mei

Jalidi nyeupe kila asubuhi. Waya unakata vidole. Vidole vya mpiga kodiani! Jumatano nilijaribu kuugua mgongo. Nililala kitandani nikiguna. Noeline akaleta dawa ya kuchulia ya kondoo, akanisugua mpaka nikanyanyuka mwenyewe, akanipa chakula nilichofungiwa tayari. Mikate ya jibini ya kukunja, bado ya moto. 

Tweed anatembea nyuma yangu. Simpigii mluzi, naogopa hata kukohoa. Naongea tu. Nyundo mkononi, nikimsema Athol kuanzia mabuti hadi upara, na Bi Gilchrist, na kamati. Mbwa ananisikiliza. Mchana nilimgawia nusu ya mkate, baadaye nusu ya pili. Jioni namrudisha kwa Athol, na kila siku njia inakuwa ndefu zaidi. Leo alikaa nje ya geti la Athol, hakuingia, mpaka nilipomwambia ingia. Kaingia akiburuta miguu. Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira na kila kitu, hata mwezi.

Jumapili, 25 Mei

Leo ndiyo siku ya kushusha kondoo mlimani. Noeline alisimama chini na chupa ya chai, Athol pembeni ameegemea pikapu. Mawingu mazito juu, theluji inanusika. Sikulala usiku kucha. Kama leo ingeharibika, basi.

Nilitia vidole mdomoni. Mluzi ulitoka hovyo, nusu upepo. Tweed alinitazama. Akamtazama Athol pia. Halafu akaondoka, akazunguka mlima kwa mbali, kimya, kama ninavyomkumbuka, na kondoo wakaanza kushuka kwa mstari. Wote. Alikuja akakaa juu ya buti langu.

Athol alimtazama kwa muda. Akasema, "Haya basi." Akapanda pikapu, akakaa ndani bila kuwasha, ndipo akaondoka. Noeline alinishika shingo kwa mkono wake wa baridi akasema karibu nyumbani, Ewart. Ameanza kuongea nami. Tweed amelala mlangoni kwetu, naandika nikisikia anavyokoroma.

Nimefurahi kupita kiasi, sioni haya kusema. Na nataka iandikwe hapa kwamba zile spika zilifanya kazi. Zilichelewa tu.

Jumamosi, 31 Mei

Siku ya ovyo. Nimekasirika sana.

Juzi alipiga simu Garth, mkubwa wa bendi. Queensland, mabaa yote ya pwani, wiki sita, pengine kumi. Nilikubali hajamaliza sentensi. Noeline alikuwa anamenya viazi. Akaendelea kumenya, akamenya hadi vya kesho.

Leo asubuhi nikampeleka Tweed kwa Athol. Nikamweleza ni muda mfupi. Athol akauliza nitakuwepo wakati wa kondoo kuzaa. Nikamwambia itategemea. Akauliza kama nimemwambia mbwa. Maswali gani haya? Nikamwambia Tweed kaa, akakaa, nikaingia garini nikaondoka.

Sijafika darajani namwona kwenye kioo. Anakuja! Katikati ya barabara, masikio nyuma, anakimbia kwa nguvu zake zote. Nilimsikia Athol akipuliza mluzi wa simama, ule mbovu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mbwa hakusimama. Hakugeuka hata kutazama. Miaka yote ile bonde zima linalala chini kwa mluzi ule, na yeye anakimbia tu nyuma ya gari langu.

Nilifunga breki, nikashuka nimefura. Akanirukia kifuani na matope yake yote, shati la jukwaani. Nikambeba mpaka kwa Athol na nikamwambia Athol bila kuficha kwamba mbwa huyu ameharibika mikononi mwake, hatii amri. Amfunge mnyororo nikiondoka, na amfundishe upya. Athol alichukua tu mnyororo.

Garth amekasirika, tumekosa ndege ya mchana kwa ajili ya mbwa mkaidi. Nikirudi sitaki kuona tena upuuzi wa namna hii.