Ng'ombe Wangu wa Runinga

Jumatatu, 4 Agosti
Balaa! Nelima amepiga simu. Babake, Mzee Wangila, anakuja Jumamosi hapa Langas kumwona mwanaume anayetaka kumwoa bintiye. Mimi! Muuza kava za simu, mwenye chumba kimoja! Nelima anasema nitulie, nimweleze mzee ukweli. Ukweli? Kwa mtu wa ng'ombe?

Jumanne, 5 Agosti
Nimetoka Sugoi. Nilisimama kwenye ua wa mama mmoja, Mama Musimbi, nikarekodi ng'ombe wake kwa simu. Kundi zima! Wanene! Mwenyewe akatokea. Nilijua nimekwisha. Akaniuliza kama nimekuja kununua maziwa. Nikanywa vikombe viwili.
Mpango: Mzee atawaona kwenye runinga yangu. Nitasema ni kamera ya shambani, inaonyesha moja kwa moja. Shamba langu. Ng'ombe wangu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeweka programu ya video kwenye kompyuta. Runinga haioni kompyuta! Kompyuta haioni runinga! Jirani yangu Oyugi, anayejiita fundi tangu abadilishe soketi ya kanisa, akaingia bila kuitwa. Akasema lazima zote ziwe kwenye wifi moja. Runinga ilikuwa kwenye ya simu yangu. Kompyuta ilikuwa kwenye ya Oyugi. Sote wawili tukashtuka, yeye zaidi. Amebadilisha neno la siri. Mtu mchoyo sana.

Ijumaa, 8 Agosti
Mungu wangu! Video ikianza, jina la faili linajitokeza juu ya kioo: NGOMBE WA MAMA MUSIMBI. Nimelibadilisha haraka likawa KAMERA YA KWANZA. Nimeweka irudie yenyewe bila kukoma. Niko tayari. Mimi ni mtu hatari.

Jumamosi, 9 Agosti
Uwii!
Mzee Wangila aliketi, kofia magotini. Nikawasha. Akasogeza kiti hadi pua karibu iguse kioo. Mvua ilikuwa inapiga mabati yetu, na ng'ombe wanaota jua. Nikasema Sugoi ni upande mwingine. Akakubali!
Kisha akaanza kuchagua. Mahari! Kwao wazee huja kuchagua ng'ombe kwa macho yao, nami nimewapanga mbele yake! Akamtaka yule mwekundu mwenye paji jeupe. Akamtaka yule mweusi anayecheua. Hata anayechechemea, akasema atamtibu mwenyewe. Kumi na mmoja! Lori litakwenda Sugoi Ijumaa, niwe nimeshawafunga kamba. Akanishika mkono, akaniita mwanangu.
Alipoondoka, Nelima, aliyekuja naye, alibaki nyuma akalia. Kumbe mzee alijua sina kitu, na alikuja akiwa ameshaamua atapokea mtamba mmoja tu, tena siku nitakapojaliwa. Mmoja! Siku nitakapojaliwa! Nelima amesema nikimdanganya babake tena, ananiacha. Nikamtazama usoni, hakuwa anatania. Nampenda huyu msichana. Nimeapa kwa jina la marehemu mama.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Wazo limekuja wakati wa sadaka, nikasema amina kwa sauti peke yangu.
Kesho narudi Sugoi. Mama Musimbi akishawapeleka ng'ombe mtoni, nitarekodi zizi. Jioni Mzee aje aone mwenyewe, kwenye kamera, kwamba wezi wamepita.
Kiapo changu kiko palepale. Zizi litakuwa tupu kweli.