Bibi Shamba Ni Mimi

Jumapili, 8 Machi
Nimepoteza cheo changu leo, baada ya ibada, mbele ya kanisa zima. Mwenyekiti wa kijiji kamtambulisha binti mwenye buti mpya: Liliane, bibi shamba wetu. Wetu! Miaka kumi na tisa hapa Nyabiyonza bibi shamba ni mimi, Costansia. Sikusomea, sikuajiriwa. Nilianza na machipukizi manne ya migomba, ya kuomba. Leo nitajie kibanja kisicho na mgomba wangu. Jirani yangu Restuta kauliza kwa sauti, sasa tukuite nani, mama mkungu? Wakacheka hadi wazee wa kanisa.

Jumatatu, 9 Machi
Dawa ya moto ni moto. Binti anaanza kazi Alhamisi. Mimi kesho! Nitapita kibanja kwa kibanja nikikata bure maua dume ya migomba, yale yanayoning'inia chini ya mkungu. Akifika, kazi imekwisha. Panga nimelinoa, linanyoa ndevu.

Jumanne, 10 Machi
Nimeanzia kwa Cleophace, tunayepakana. Majani ya njano. Nikasema ni jua. Nikakata weee. Navuka kuingia kwangu, panga juu, nani huyo njiani? Liliane! Nikajiandaa kwa matusi. Kumbe kapiga goti: shikamoo, Bibi Shamba. Nikaitikia marahaba, panga bado juu. Kwa upole akaniambia majani yale ya njano si jua, migomba ya Cleophace ina ugonjwa wa mnyauko, na panga lile lingeuingiza kwangu, kisha kwa kila mtu. Migomba yangu yote! Akawasha moto, akalichoma panga kuua ugonjwa. Akanionyesha kuvunja ua kwa kijiti chenye panda.

Alhamisi, 12 Machi
Mungu ambariki binti huyu. Mkutanoni hakugusia panga. Kasema yeye anaitwa afisa ugani. Bibi shamba ni jina la enzi za bibi yake, hutolewa na watu, na mwenye nalo yule pale kakaa mbele. Nimelia. Restuta kaniita Bibi Shamba. Kwa kununa, lakini kaita! Tumeng'oa migomba mibovu ya Cleophace wote pamoja. Machipukizi nitampa mimi. Liliane nimempelekea mkungu ambao hata askofu sijawahi kumpa.

Jumamosi, 14 Machi
Nimewaza. Zamani kulikuwa na bibi afya pia. Zahanati wana muuguzi, sawa, lakini bibi afya nani? Jina linakaa bure! Na homa za watoto nimetibu sana. Koti jeupe nimeazima kwa Gosbert wa bucha, madoa ya damu yatatoka. Mwenyekiti kasema atafikiria. Afikirie nini? Nimemtumia ujumbe: ndiyo au hapana, Jumatatu kabla ya saa tatu asubuhi.