Boriti ya Mita Tisa na Mkuu Wake

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Tangi limebonyea. Tangi la maji tunaloitengenezea hospitali hapa karakanani, mita sita za chuma. Lilinyanyuliwa kwa minyororo miwili iliyokutana juu kwenye ndoano ya kreni, nayo ikalibana kama mshipi mdogo kwenye tumbo kubwa. Fundi wa kuchomelea, aliyelihangaikia wiki tatu, alitaka kulia. Nilimpa pole. Moyoni nilichekelea.

Maana bosi akasema sasa inunuliwe boriti ya kutanulia minyororo. Inaning'inia chini ya ndoano, kila mnyororo unashuka wima, na ina mashimo ya kuisogeza minyororo ndani au nje kufuata mzigo. Akauliza nani ataichagua. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Dereva wa kreni naye akanyoosha, polepole. Huyu tunamwita Mama Kibao kwa kuwa hagusi mashine bila kusoma kibao chake. Nimemshinda kwa sekunde mbili. Miaka kumi na moja msaidizi wa stoo! Sasa ni zamu yangu.

Jumanne, 4 Machi

Dukani. Bosi alimtuma Mama Kibao aniangalie. Mimi naita "kunisindikiza".

Alikuja na daftari. Tangi, tani tatu na nusu. Masikio yake ya kunyanyulia yameachana mita nne. Kreni yetu, mwisho tani tano. Akaelekea kwenye boriti ya mita tano. Boriti ya wanyonge! Mimi nilishaiona yangu: mita tisa, ya manjano, imejinyoosha chini kama mfalme anayepunga upepo.

Akanieleza, kwa upole unaoudhi, kwamba boriti hii kadiri unavyoitanua ndivyo inavyobeba kidogo. Minyororo ikiwa mashimo ya ndani inabeba tani sita, ikiwa nchani tatu tu. Tena yenyewe ina karibu tani moja, na kreni haijui lipi boriti lipi mzigo. Nikamjibu kwamba tembo hachoki kubeba mkonga wake. Muuzaji akacheka. Nikaihesabu hiyo kuwa kura. Karatasi ya oda ilikuwa mfukoni mwangu. Mita tisa!

Jumatano, 5 Machi

Boriti imefika. Lango la karakana limegoma kuipitisha. Tumeigeuza mara saba na kung'oa bawaba mbili. Watu wanane walitoa jasho, mimi nilitoa maelekezo. Imeingia. Hakuna karakana nyingine mtaa huu yenye kitu kama hiki.

Nyumbani nikapokea fulana yangu ya usalama. Mpango wa siri: mgongoni iandikwe MKUU WA KUNYANYUA, ili bosi akikiona cheo kimeshakaa abaki kukisaini tu. Mama mkwe ni fundi cherehani, kazi kaifanya kwa mkono wake. Nafasi ilimwishia. Mstari wa juu: MKUU WA KUNYA. Chini, usawa wa kiuno: NYUA.

Mkwe hakosolewi. Nilipokea kwa mikono miwili. Mke wangu alikimbilia jikoni, akakaa huko muda mrefu, mabega yakimtikisika.

Alhamisi, 6 Machi

Nimevaa fulana. Nimebandika mgongo ukutani asubuhi nzima, maandishi yasisomwe.

Saa nne Mama Kibao akatoka kwenda kunywa chai. Nafasi! Lengo: akirudi, akute tangi liko juu na bosi ananipa mkono. Wanaosema haraka haraka haina baraka hawajawahi kuwa na mpinzani anayekunywa chai kwa dakika kumi tu.

Kila upande wa boriti una mashimo manane. Nikaweka minyororo shimo la tatu kulia, la tatu kushoto. Usawa mtupu! (Imegundulika baadaye kwamba kulia nilihesabu kuanzia katikati na kushoto kuanzia nchani. Lakini tatu ni tatu.) Mnyororo mmoja ulisimama wima, mwingine ukalala upande. Nikadhani utajinyoosha wenyewe. Fundi wa kuchomelea alikuwa amepiga magoti ubavuni mwa tangi, anasugua pale aliponyoosha lile bonyeo. Sikutaka kumsumbua.

Nikabonyeza kitufe cha kreni. Upande mmoja ukapanda. Mmoja tu.

Sauti ya Mama Kibao kutoka mlangoni: "Toka hapo fundi! Toka!"

Fundi akabiringika. Nikabonyeza kitufe cha kushusha. Hakikuwa cha kushusha. Tangi likainama, likateleza, likaparaza sakafu kwa mlio ambao bado ninausikia. Mama Kibao akaninyang'anya vitufe, akalishusha sentimita kwa sentimita. Chini yake kulikuwa na kiatu cha fundi, bapa kama chapati. Mguu haukuwamo.

Mama Kibao hakunifokea. Akasema chini chini, "Kaka, mkewe ningemwambia nini?"

Nilikuwa nimeandika hapa jibu zuri sana nililompa. Nimelifuta. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumwinua fundi, nikausahau ukuta.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeukumbuka tena ukuta.

Mama Kibao amelinyanyua tangi leo. Akasoma kibao. Akahesabu mashimo pande zote kuanzia katikati, kwa sauti, kisha akamwita fundi ahesabu tena. Akapima mita nne kwa futi ya chuma. Akagusa kila pini na kifungo chake. Akafukuza watu wote, mimi kwanza. Akaliinua tangi kimo cha kiganja kimoja kutoka sakafuni, akasimamisha, akatazama. Tangi lilikaa sawa kama maji kwenye beseni. Ndipo akalipandisha mpaka kwenye lori, na fundi, mguu mmoja kiatu na mwingine ndala, akiliongoza kwa kamba kutoka mbali.

Wodi ya wazazi itapata maji. Wote wakapiga makofi. Nami niliinamisha kichwa kupokea, kwa kuwa boriti ni chaguo langu. Fundi akaniuliza nainamia nini.

Bosi amemtangaza Mama Kibao msimamizi wa kunyanyua. Mimi nimehamishiwa getini. Amesema kule hakuna kitu cha kumwangukia mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Getini. Watu hawaelewi ukubwa wa cheo hiki. Kizuizi cha kufungia magari ni nini kama si boriti? Kinanyanyuliwa na nani? Mimi! Bosi ni mjanja, amenipandisha kimyakimya ili wengine wasione wivu.

Dosari moja: ni kifupi. Pikipiki mbili zimepenya pembeni. Nimeshapata bomba la mita nne nyuma ya stoo, mchana nitaliunganisha. Mlinzi mzee akaniuliza kama nimepima upana wa barabara, na kama lile jiwe lililofungwa nyuma ya kizuizi kukisawazisha litahimili uzito huo.

Nikamwuliza ana uzoefu gani na boriti. Hana. Mimi ninao wa wiki nzima.