Chapati Si Chakula

Alhamisi, 6 Novemba

Kliniki ya sukari. Nimefika saa moja na dakika kumi, nambari tisa kwenye foleni. Sukari: 13.2. Sista Juliet alitikisa kichwa tu. Muuguzi anayetikisa kichwa namwogopa kuliko anayefoka. Kisha akatoa hukumu. Nimepewa wiki moja. Alhamisi ijayo nikizidi kumi, naanza sindano. Kila siku. Ya tumbo!

Mimi na sindano hatuelewani. Kidato cha pili nilizimia siku ya chanjo, mbele ya foleni ya wasichana. Miaka arobaini na moja imepita. Mmoja wao bado nakutana naye sokoni Wandegeya, na bado ananiuliza kama nimepata nafuu.

Maagizo ya Sista nimeyaandika kama alivyoyatamka, kwa Kiswahili chake cha Kampala: "Mzee, asubuhi wewe usikure chakura. Kura mchuzi." Akahesabu kwa vidole: mayai, maharagwe, dagaa, karanga, mboga za majani. Vitu vya protini, alisema, vinashibisha na havipandishi sukari. Nilitaka kumrekebisha kwamba kura ni ya uchaguzi na mdomo una kula. Lakini alikuwa ameshika kitu chenye ncha.

Nyuma yangu alisimama Hippolyte, jirani yetu wa Makindye, Mkongomani muuza vitenge. Yeye 6.4! Mwezi wa Agosti alikuwa 14. Akatabasamu. Mtu mwema hatabasamu hivyo huku kidole kinavuja damu. Kuna kitu.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeamka mapema kuyachambua maagizo. Kwa Kiswahili cha babu yangu, chakula ni chochote kinacholiwa. Lakini Sista hakusema Kiswahili cha babu yangu. Alisema cha hapa, na hapa chakula ni ndizi za matoke, posho (yaani ugali), wali, viazi na muhogo. Vingine vyote ni mchuzi, au ni vitu vya chai.

Ushahidi ninao. Mwaka jana, harusi ya binti yetu Nabila, tuliwapa wageni chapati, sambusa, mayai na kuku. Walikula mpaka wakalegeza mikanda. Kisha wakatangaza Makindye nzima kwamba kwa Abdul-Latif hakukuwa na chakula. Kisa? Hawakuona matoke.

Basi. Chapati si chakula. Wakati ule iliniuma. Leo itaniponya.

Nikashuka kwa Mubarak, mkaanga chapati wa pale kona. Roleksi moja: mayai matatu, nyanya, kitunguu, vyote vimeviringishwa ndani ya chapati mbili. Protini tupu! Saa mbili baadaye, katika duka letu la fotokopi, Ruqayya akanichoma kidole. (Mimi huangalia kalenda ukutani. Mke wangu ana mkono mwepesi, ila anachoma kama mtu anayekumbuka jambo.)

15.1.

Haiwezekani. Nawashuku watatu: mashine, mayai, na Ruqayya.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeanza na Ruqayya, kwa kuwa yuko karibu. Nimelifungia kabatini kopo la sukari, ufunguo nimeufunga kwenye kamba ya suruali. Ruqayya aliuliza ni nani ninayemkinga, maana yeye hajatia sukari kwenye chai yangu tangu Agosti. Jibu la haraka mno. Limeandaliwa.

Halafu akaleta dukani chupa ya maharagwe aliyoyachemsha mwenyewe, akasema, Baba Nabila, kula haya na yai la kuchemsha, usile kingine. Kwa nini ana hamu hivyo nimalize maharagwe? Nilikula, ili asijue kwamba najua. Ila mchuzi lazima uwe na kitu cha kuushika. Nikaushika kwa chapati mbili nilizokuja nazo mfukoni.

14.7. Maharagwe nayo yameingia kwenye orodha ya washukiwa.

Jumapili, 9 Novemba

Zamu ya Hippolyte. Saa mbili kasoro robo nilisimama juu ya ndoo nyuma ya ukuta unaotutenganisha. Mke wake, Kahambu, akaleta sahani. Nilinakili kila kitu: dagaa wa kukaanga, mayai mawili ya kuchemsha, rundo la mboga ya dodo, nusu ya parachichi. Hakuna mkate. Hakuna muhogo. Hakuna hata kipande cha chapati! Hakuna mtu anayekula hivyo akiwa peke yake. Yale yalikuwa maonyesho, na mtazamaji nilikuwa mimi.

Nikathibitisha mara moja, maana bila kugeuza kichwa Hippolyte alinisalimia, akauliza, Papa Nabila, unapaka ukuta rangi? Nikajibu kwamba nakagua nyufa. Ndoo ikapasuka hapo hapo. Kahambu akacheka kwa Kinande, lugha nisiyoijua. Hiyo pia nimeiandika.

Jumatatu, 10 Novemba

Mpango mzuri! Kuijaribu mashine kwenye kidole cha mtu mwingine. Nilimkaribisha Hippolyte kwa heshima zote, nikamwambia ni ujirani mwema. Akanyosha kidole bila wasiwasi. 6.5. Kisha changu. 15.0.

Kwa hiyo mashine haijaharibika. Ina upendeleo.

Hippolyte akauliza, "Ndugu yangu, asubui unakulaka nini?" Nikasema mchuzi, kama tulivyoagizwa. Akauliza naushika na nini. Nikaangalia kalenda. Akasema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba niache chapati.

Mchana kutwa nimeiwaza sentensi hiyo. Kwa nini Mkongomani anataka mimi niache chapati? Jibu moja tu: kona ya Mubarak inafaa sana kwa duka la vitenge. Wateja wakipungua, Mubarak ataondoka. Hajui amekutana na nani.

Jumanne, 11 Novemba

Hata hivyo sikumwacha Mubarak bila kumchunguza. Huenda anatia sukari kwenye unga. Nilisimama kwenye jiko lake tangu saa moja, nikikodolea macho kila donge. Ili nipate uhakika ilinibidi kuonja. Chapati nne, kila moja kutoka sufuria tofauti ya unga. Hiyo si kula, ni upelelezi.

Mubarak ananiita Hajji ingawa sijahiji, nami sijawahi kumkatiza. Leo alichoka nami. "Hajji, sukari ya nini? Unga peke yake itakumariza!" Nilimrekebisha: itakumaliza, kwa L. Kisha nikaandika tarehe na saa, maana hicho ni kitisho.

16.2.

Zimebaki siku mbili. Usiku nimeota mstari wa wasichana.

Jumatano, 12 Novemba

Mubarak hakufungua. Amekwenda kuzika Masaka, au amenikimbia. Nikalazimika kula vya Ruqayya: mayai mawili, maharagwe, mboga, parachichi, bila kitu cha kushikia. Nilikula kwa kijiko kama mtu aliyelazwa. Ajabu, njaa haikuuma mpaka adhuhuri, na hilo lenyewe linatia shaka.

Wakati wa kupima, Ruqayya alishika mkono wa kulia kwa bahati tu, maana kwa wa kushoto nilikuwa nimeshika risiti za mteja.

9.1!

Tisa nukta moja! Siku zote tumekuwa tukichoma kidole cha kushoto! Siri yote ni mkono! Nilimweleza Ruqayya. Akauliza kama sioni tofauti nyingine yoyote kati ya leo na jana. Nikafikiri kwa makini. Nikamwambia ndiyo, leo kuna mawingu.

Mchana nimechapa jedwali la vifungua kinywa vyangu vya wiki nzima, siku, saa, vyakula na matokeo, nikalipitisha kwenye mashine ya kufunikia karatasi kwa plastiki. Sista ataona anashughulika na mtu wa aina gani.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika kwa taabu. Nitaeleza kwa utaratibu.

Mubarak amerudi. Kwa kuwa tatizo lilikuwa mkono, na mkono nimeshaujua, nilijipongeza kwa roleksi mbili. Chapati nne, mayai sita. Kisha kliniki pamoja na Ruqayya, nikanyosha mkono wa kulia kama bwana harusi.

14.8.

Sista Juliet akauliza nimekula nini. Nikamkabidhi jedwali. Akalisoma kwa sauti, foleni yote ikisikia. "Ijumaa, chapati mbiri. Jumamosi, chapati mbiri. Jumanne, chapati nne, kwenye mabano upererezi." Akaweka jedwali chini. "Mzee! Si nirisema uache chakura?"

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu Ijumaa. Nikawageukia wagonjwa, nikawauliza: mtu akikukaribisha kwake, akakupa chapati na chai, ukirudi nyumbani, utasema umekula chakula? Mama mmoja akasema hapana, huyo amekudharau. Mzee mwenye mkongojo akasema chapati ni kitu cha chai, hata mtoto anajua. Hippolyte akasema chapati ni unga na unga ni sukari. Wakamwambia aende akauze vitenge. Kelele! Mama akasimama juu ya benchi akidai watu wanyoshe mikono.

Sista akapiga meza, akasema hakumwambia mtu yeyote apige kura, alisema kura. Lakini walikuwa wameshanyosha.

Kumi na tisa dhidi ya wanne. Chapati si chakula! Ruqayya alikuwa miongoni mwa wale wanne. Nimemwona.

Ushindi mkubwa kuliko wote niliowahi kupata maishani. Sista alinipongeza, akaniambia niinue shati.

Nakumbuka dari. Kisha nakumbuka Hippolyte akinipepea kwa jedwali langu, akiniambia, "Pole, Papa Nabila, imeisha." Nilimsikia yule mama wa benchi akiuliza kama huyu aliyeanguka ndiye aliyeshinda.

Ruqayya amefundishwa kunichoma mwenyewe nyumbani kila asubuhi. Amejifunza haraka mno.

Ijumaa, 14 Novemba

Sindano ya kwanza ya nyumbani. Niliangalia kalenda. Nilizimia kidogo tu, nikiwa nimekaa, kwa hiyo haihesabiki.

Safari hii Sista hakuamini mdomo wake. Ameandika maagizo kwenye kadi yangu kwa herufi kubwa: ASUBUHI HAKUNA CHAKULA. HAKUNA CHAPATI. HAKUNA ROLEKSI. MAYAI, MAHARAGWE, DAGAA, MBOGA. Kwenye maandishi, L zake ziko sawa. Inanifanya niwaze kama yale matamshi yalikuwa mtego.

Ruqayya ameibandika kadi kwenye friji. Hippolyte ametuma dagaa kwenye bakuli lenye kifuniko, na salamu. Nimempa paka kwanza. Paka yuko hai, lakini bado ni mapema.

Nimeisoma kadi mara tatu, neno kwa neno, mbele na nyuma. Sina tena cha kubishana. Chapati imeondoka, na mimi ni mtu wa kufuata maagizo.

Nikashuka kwa Mubarak kumuaga. Alikuwa anaopoa mandazi.

Mandazi! Nikarudi mbio kuisoma kadi mara ya nne. Hayamo. Si chapati, si roleksi, na kwa kura kumi na tisa dhidi ya nne, vitu vya chai si chakula.

Nimechukua matano. Na mayai mawili, kwa ajili ya protini.

15.6. Mkono wa kulia nao siuamini tena.