Nepi Juu ya Miche ya Wifi

Jumatatu, 3 Juni
Samahani, daftari, nimekutupa muda mrefu. Mwanangu anaota meno, mimi naota usingizi. Leo lazima niandike. Ijumaa mwenye duka la bustani anakuja kuchagua miche ya pilipili hoho: yangu au ya wifi, tunayekaa naye ua mmoja. Nikichaguliwa, naacha kufulia watu, nashinda nyumbani na mwanangu. Wifi kasema nisijisumbue, mkono wangu unaua hata maua ya plastiki. Tutaona!

Jumanne, 4 Juni
Mume wa wifi anafundisha biolojia. Nimemchokonoa kijanja. Kasema ndani ya jani mna vitu vidogo vya kijani, kloroplasti, ndivyo vinavyogeuza mwanga kuwa chakula. Mwanga ukiongezeka, kazi inaongezeka. Ila, akasema... Sikusubiri hiyo ila, mtoto alikuwa anakula udongo. Nimeondoa kivuli chote, nikategesha kioo cha kabati kiirudishie jua. Miche inang'aa kama bibi harusi!

Jumatano, 5 Juni
Kujiongezea hakutoshi, mwenzio umpunguzie. Nimefua nepi zote, hata zilizo safi, nikazianika juu ya miche ya wifi. Wifi kauliza huyu mtoto anakunywa bahari? Nikasema tumbo linamwendesha. Mwanangu kanitazama kama hakimu. Nimembusu, nikamwambia afunge mdomo.

Alhamisi, 6 Juni
Jua kali ajabu. Majani yangu yamepauka, mengine yamekauka ncha! Ya wifi, chini ya nepi, kijani kibichi. Mumewe kaja kumalizia ile ila yake: mwanga ukizidi kiasi, kloroplasti zinaumia, kazi inashuka. Kivuli kidogo kingeyaokoa. Sasa mtu mzima ila unaiweka mwisho kwa nini?

Ijumaa, 7 Juni
Wifi kachaguliwa. Kanikumbatia mbele ya mwenye duka, eti ahsante wifi yangu kwa nepi, jua lingenimaliza. Nimecheka kwa meno tu. Kesho narudi kufulia watu, mtoto mgongoni.

Jumamosi, 8 Juni
Nimegundua! Nepi ni nyeupe. Nyeupe hurudisha mwanga. Kumbe si kivuli kilichomwokoa, ni mimi mwenyewe nilimmulikia wifi! Dada yangu aliye ng'ambo kauliza anitumie nini. Nimemjibu bila kupepesa macho, kwa miche ya msimu ujao: taa mbili kubwa kama za uwanja wa mpira, waya wa kufika mpaka uani, shuka jeupe lisilo na doa, na miwani ya jua ya mtoto wa miezi tisa.